Kicheko cha Nyamizi

Katika mji ule wa baridi mgeni haongezewi kibali cha kuishi mpaka atoe damu, na lile analoliwaza sindano ikiwa mkononi huondoka na damu hiyo, likahamia kwa mgonjwa.

"Mtani, wewe waza kunguni," Pazi alimwambia Kapela kwenye foleni. "Ukimuwaza marehemu mkeo, umemgawa."

Kapela alicheka. Tangu lini Mzaramo akamwambia Mnyamwezi neno la kweli? Na karatasi aliyopewa atie dole gumba hakuweza kuisoma.

Lakini mfuko ulipoanza kujaa, hasira ilimpanda. Wakubwa wa kwao walimwacha Nyamizi afe na uzazi kwa kukosa damu kama hiyo hiyo, leo wakubwa wa huku wanamkamua yeye kama ng'ombe! Akamuwaza mkewe mpaka sindano ikachomolewa.

Wiki ya pili mlango uligongwa. Alisimama mzee mwenyeji, macho mekundu.

"Nisamehe, baba," alisema kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyemfundisha. "Nilitiwa damu yako. Nyamizi haniachi nilale."

Kapela alimvutia kiti. Jina hilo alilijua, kwa kuwa watu walimpa pole wakilitaja. Uso wake hakuwa nao tena.

"Alikuwa anachekaje?" aliuliza.

Mzee akafumba macho, akatoa kicheko chembamba cha kike, kikapanda, kikakatika.

Kapela alitega sikio. Hakuwa na namna ya kujua kama anadanganywa.

"Cheka tena," alisema.