Barua Inayojiandika

Kompyuta ziliganda saa mbili unusu, kama kila siku, na macho ya ofisi nzima yakamgeukia Fauzia, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anavuta kiti.

"Sijagusa kitu," alisema. Nje ya yadi, malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabara kuu. Mwaka 2010 seva ilipoletwa Tunduma, waliambiwa ingemaliza foleni.

Dereva mmoja alichungulia dirishani akimuulizia meneja. Makarani wakatazama mlango uliokuwa wazi: koti liko kitini, miwani juu ya faili, kompyuta inawaka.

"Yupo, katoka kidogo," walijibu, kama walivyozoea.

Meneja Idrisa alirudi saa saba akiwa na hasira za mtu aliyechoka kwa kazi. Alikuwa amekwisha piga hesabu zake. Kompyuta huganda saa mbili unusu, na Fauzia huingia saa mbili unusu.

"Hapa kuna mtu anatuhujumu," alisema huku akimtazama yeye. "Mimi sitaji jina, binti. Litatajwa na mashine."

Ndipo akaitwa Watson, fundi wa kompyuta kutoka Isongole, mtu mpole asiyependa makelele. Alikaa na ile seva siku mbili, kisha akawaeleza.

"Kila lori linaandikwa kwenye rejista moja ya foleni. Mtu akiifungua aandike, seva inaipiga kufuli mpaka amalize. Sasa kuna mmoja anaifungua, haandiki, na haifungi. Wengine wote mnamngoja yeye. Nitaiambia seva, mtu akikaa dakika tano bila kuandika, imtoe. Basi. Hakuna haja ya kumtafuta mtu, bosi."

"Seva itapona," alisema Idrisa, "lakini mimi nataka nidhamu."

Akaagiza seva ikimtoa mtu, papo hapo ichape barua ya kumfukuza kazi. Maneno aliyatunga mwenyewe, sahihi yake ikaingizwa kwenye mashine, na akataka nakala iende kwa mkurugenzi Dar es Salaam dakika hiyo hiyo. Mkurugenzi aliipenda sana habari hiyo.

"Isiniulize chochote," Idrisa alimwambia Watson. "Nisije nikaingiwa na huruma."

Watson alijikuna kichwa. "Hakuna hata jina moja la kuruka, bosi?"

"Hata awe mtoto wa mama yangu."

Siku ile Fauzia hakula. Mama yake kule Ndalambo aliishi kwa mshahara ule ule. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba alikuwa ameanza kujishuku. Labda kweli kuna kitufe anakigusa bila kujua, labda ni ule mkoba anaouweka mezani. Aliogopa hata vidole vyake.

Kesho yake aliketi akiwa ameikalia mikono yake, mkoba kauacha nyumbani. Meneja alipita akinukia manukato, akasema, "Leo tutajuana," akaenda kutundika koti.

Saa mbili unusu kompyuta ziliganda.

Fauzia alihesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ruti wa meza ya pili alimshika bega, na hilo lilimtisha kuliko kitu chochote. Dakika ya tano ilipotimia, kompyuta zote zikazinduka kwa pamoja, lori la kwanza likaandikwa, geti likafunguliwa. Kule pembeni printa ilikohoa, ikatema karatasi moja.

Hakuna aliyetaka kuinuka. Fauzia akaenda mwenyewe. Akasoma jina lililokuwa juu, akasoma na sahihi iliyokuwa chini. Vilikuwa vya mtu mmoja.

Aliikunja barua vizuri, akaingia ofisini kwa meneja, akalikabidhi koti lililokuwa kitini.