Fimbo ya Baba

Nilisimamisha picha pale fimbo ya baba ilipogusa mti wa lusiola.

Huko Likuyani, kwa ndugu yangu mdogo, nayo ikasimama. Diski hii mpya iko hivyo: mkiunganisha mashine zenu na intaneti mnatazama pamoja, na mmoja akisimamisha au akiendesha, ni kwa wote.

Kwenye sidii ya zamani baba alikuwa ukungu tu, akituonyesha mpaka wa shamba la Shinyalu mbele ya wazee. Mimi nilisema alionyesha jiwe. Ndugu yangu alisema ni mti, ulio huku upande wangu. Tuligombana mpaka tukaacha kula pamoja. Na mwaka jana, kati ya jiwe na ule mti, nilimzika binti yangu.

Diski mpya imetolewa kwenye mkanda wenyewe, na sasa picha ni safi. Naona mishipa ya mkono wa baba. Naona gome la lusiola likibanduka pale ncha ya fimbo ilipogonga.

"Pitisha haraka, mzee," mke wangu akaninong'oneza. "Pengine hajaona."

Nikaweka rimoti chini.

Simu ilikuwa wazi mezani. Nilimsikia ndugu yangu akipumua.

"Shitanda, umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Hapo nyuma ya baba, kwenye nyasi. Ndipo mtoto amelala?"

"Ndipo."

Kisha picha ikaanza kwenda, ikaupita mti, na mimi sikuwa nimegusa rimoti.