Utando Uliovimba

"Umeona ulivyovimba?" daktari aliuliza, akigusa kioo cha kompyuta kwa kalamu.

Fundi wa maabara aliona. Retikulamu, ule utando unaolala ndani ya seli tabaka kwa tabaka kama shuka zilizokunjwa kabatini, ulikuwa umetuna katika kila seli ya mirija ya figo.

"Ni ile dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo. Inamuua mama wa watu polepole. Naisimamisha leo."

"Si mwili utaikataa hiyo figo aliyopewa na mwanawe?"

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, dada."

Fundi aliikumbuka siku ya kipimo. Kile kinyama kilichokatwa kwenye figo ya mgonjwa, kidogo kama punje ya mchele, kilitakiwa kutumbukizwa kwenye maji ya kuhifadhi papo hapo. Yeye alikiacha mezani kikipigwa na feni, huku akicheka na rafiki yake kwenye simu. Kikichelewa, utando huvimba hata kama figo ni nzima.

Daktari aliinua simu kupiga wodini. "Lakini hongera, dada. Picha safi sana."

Nje ya mlango wa kioo, mwana wa mgonjwa alikaa kwenye benchi, kiganja juu ya mshono wa ubavuni. Akampungia fundi mkono.

"Daktari," fundi alisema, "shusha simu."