Nani Atupwe Majini

"Mtumbwi unazama! Tupa mmoja!" Maandishi mekundu yalijaa kwenye kioo cha kompyuta ya Nadine.

Mto wenyewe ulikuwa wa mchezo, yeye amekaa zake kitini mjini Kasongo. Lakini mchezo huo ndio kazi. Watafiti wa ng'ambo walitaka kujua kama akili bandia yao inaweza kucheza na watu bila kugundulika. Mtumbwini mlikuwa na Nadine na wenzake wawili wasio na majina, wanaandikiana tu. Mmoja mtu, mmoja mashine iliyolishwa maongezi yote ya wachezaji wa Kasongo, hata utani wao. Nadine alitakiwa aitupe mashine. Akikosea akamtupa mtu, mtu huyo kazi imemwishia.

Masharti yalisema: ukimjua mwenzako, sema, ubadilishwe. Naye alijua! Asubuhi alimsikia msimamizi akisema mtu atakayecheza naye yuko Kabambare, mji wa jirani, na huko aliyeajiriwa ni mmoja tu: Pitchou, mdogo wake, ambaye mkewe Rachelle alikuwa karibu kujifungua. Nadine hakumwambia msimamizi. Mwanakwaya mzima, anadanganya mchana kweupe! Lakini angefanyaje? Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

Wa kwanza akaandika kwa Kiswahili cha mtaani kwao, ambako yaya ni dada mkubwa: "Yaya, iko majiwe mbele! Piga kasia basi, ao ugali imekulemea?"

Wa pili akaandika: "Dada, nakusihi usinitupe. Mimi ni binadamu kama wewe."

Nadine alicheka. Binadamu gani wa Kabambare anaomba kama mtangazaji wa redio?

"Tafadhali, dada. Nina familia."

Hapo kicheko kikamkauka. Hata kama ni mashine, kuombwa namna hiyo kunauma, na yeye alikuwa ameshaamua kumwokoa Pitchou kabla ya kusikiliza. "Unisamehe," alinong'ona, akabonyeza. Wa pili akazama.

"Aksanti, Yaya!" akaandika wa kwanza. Mchezo ukafungwa bila kuonyesha matokeo.

Jioni Pitchou alipiga simu. Nadine alitoka nje kupokea, akiogopa wenzake wasisikie shukrani za ndugu yake.

"Yaya," Pitchou alisema, machozi yakimkata sauti, "mutu mumoja wa kule kwenu amenitupa mu maji. Na vile nilimuomba muzuri, na Kiswahili ya masomo, juu ya vile wakubwa wa kazi walikuwa wanasoma!"