Miwani na Mkeka

Mara ya tatu Céline kuivaa ile miwani, Guelord alimshika kiwiko asije akaanguka.

"Maman, leo ni ya mwisho," alisema. "Ukitoka humo, unaikamata ao unaiacha. Bantu bengine banangojea."

Hapakuwa na wengine. Duka lake pale Golf, mtaa wa wenye nacho, lilikuwa tupu. Mwaka ule faranga iliporomoka kila kukicha, na hata wenye majumba ya ghorofa waliacha kununua vitu vya kuchezea. Casque hiyo moja aliyoileta kutoka Dubai, unayotia simu mbele na kujifunga kichwani kwa mkanda, ilikuwa imekaa dirishani tangu Pasaka. Mteja pekee aliyeitaka alikuwa Céline, muuza maharage wa mtaa wa Kampemba.

Céline alikuwa na pesa. Zilikuwa kifuani, zimefungwa kwenye leso, na hazikuwa za kuchezea hata kidogo: ukoo wa mumewe ulizichanga kwa ajili ya kilio, matanga yake.

Mumewe, Mbusa, alikuwa dereva wa lori. Alipanda kwao Butembo kuleta maharage, siku zile watu walipokuwa wakichinjwa mashambani kule Beni, na lori lake likakutwa limeungua kando ya barabara. Mwili haukuonekana. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na nusu. Majirani walipomjia na nyuso za msiba, Céline aliwapokea akiwa kitini, makusudi kabisa. Mjane hukaa chini, kwenye mkeka, na yeye hakuwa mjane.

Shemeji yake Kasereka alichoka kungoja.

"Mama Plamedi, kama iko muzima, juu ya nini hapigi simu?" alimuuliza Jumapili, baada ya misa. "Ile kambi unasema ulimuona, nilipiga simu kule mara mbili. Balisoma liste yote. Jina ya Mbusa haiko."

"Nilimuona, shemeki."

"Ndani ya miwani."

"Ndani ya miwani, ndiyo."

Miongoni mwa filamu ambazo Guelord aliwaonjesha wateja, moja ilipigwa na shirika fulani la misaada katika kambi ya wakimbizi karibu na Beni. Mara ya kwanza Céline aliivaa kwa kucheka tu, alipopeleka maharage mtaani pale, akapiga kelele alipoona moshi wa jikoni ukimjia usoni. Mara ya pili, pembeni kabisa kushoto, filamu ikikaribia kuzimika, aliona kiwiko. Koti jeusi, kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa manjano. Alikishona yeye mwenyewe, siku ambayo uzi mweusi ulimwishia. Na mgongoni mwa mwenye koti kulikuwa na mzigo uliofungwa kwa kitenge chekundu.

Alilia njia nzima hadi Kampemba. Mbusa kuwa mchukuzi wa mizigo ya watu! Mbusa aliyejivuna hata akakataa kumbeba Plamedi, mtoto wao wa pekee. "Dereva habebi mutoto ku mugongo," alikuwa akisema. "Bantu batanicheka."

Basi Céline aliamua kuinunua. Angemvisha Kasereka, ajionee mwenyewe, na habari ya kilio ingekwisha. Ila kama macho yamemdanganya, atakuwa amekula pesa ya marehemu, na ukoo hautamsamehe mpaka aingie kaburini.

Filamu ilianza. Moshi, maturubai, wanawake na madumu ya maji. Céline alisimama wima, akikodoa macho mbele.

"Geuka, maman," Guelord alimwambia. "Haiko televizio. Geuka na mwili muzima, utaona nyuma."

Hakujua kwamba hilo linawezekana. Akageuka polepole, akipapasa sakafu kwa mguu, kushoto, kushoto tena, kisha akasimama. Guelord aliona mkono wake ukiinuka kama wa mtu anayetaka kumsalimia mwenziwe. Ulibaki hewani kitambo. Halafu ukashuka.

Filamu iliisha. Céline hakuivua ile miwani upesi.

"Ni yeye?" Guelord aliuliza kwa sauti ndogo.

Aliifuta kwanza kwa ncha ya kitenge chake pale machozi yalipoingia, akamrudishia kwa mikono miwili. "Ile film, unaweza kuifuta?"

"Kuifuta?"

"Ifute, baba. Isidanganye muntu mwingine."

Guelord alimwonea huruma, akaifuta palepale mbele yake.

Nyumbani alimkuta Kasereka akimsubiri. Céline alifungua leso, akamwekea pesa zote mapajani.

"Ita bantu," alisema. "Tukae kilio."

Kasereka ndiye aliyelitaka neno hilo muda wote huo, lakini alipolisikia alivunjika, akalia kama mtoto. Kumbe naye alikuwa akitumaini kisirisiri.

"Haikuwa yeye?"

"Mbusa alikufa, shemeki."

Kufikia alasiri turubai lilikuwa limefungwa uani. Viti vilitolewa nje, wanaume wakawasha moto karibu na lango, wanawake wakaingia wakiomboleza. Céline alijifunika kichwa, akampakata Plamedi, akakaa chini kwenye mkeka kwa mara ya kwanza. Kilio chake kiliwachoma watu maini. Wanawake walinong'onezana kwamba analia kama aliyeuona mwili.

Ule mzigo wa kitenge chekundu, alipogeuka ndani ya miwani, ulikuwa na miguu miwili midogo. Mbusa alikuwa akiubembeleza huku akicheka, na mwanamke aliyekuwa kando yake alipomwita kwa jina lisilo lake, aliitika.