Mkasi wa Bi Zamzam

Mwanamize, jirani wa Bi Zamzam, aliingia na kanzu mpya mkononi.

"Shoga, niazime mkasi. Nimeikuta chini ya godoro la Rukia. Binti yangu mzima, eti yeye mwanamume, tumwite Nasoro! Naikata madekio mbele ya macho yake."

Bi Zamzam akauvuta mkasi, akaukalia. Ncha ikamchoma pajani, asijisogeze.

"Inuka bwana, nina haraka!"

"Mimi nilimkatia mwanangu kanzu yake vipande vipande, Mwanamize. Alinitazama mpaka nikamaliza, akatoka, hajarudi mpaka leo. Nadeki kila siku kwa vitambaa vile. Sakafu inang'aa, wa kuikanyaga hayupo."

Mlangoni mtoto wa Mwanamize akapiga hodi. Mwanamize akafungua kinywa amwite, jina likamkwama, na kanzu bado ameishika kifuani.