Nguchiro na Watoto Wang'atao

Alikuwapo Nguchiro aliyewachukua watoto wawili wa marehemu mdogo wake. Kila alipotoka kutafuta chakula, walimng'ata miguu mpaka akachechemea.

"Wafukuze hao, hawana adabu!" jirani yake Pimbi akamwambia.

Nguchiro akawauliza wenyewe, "Mnaning'atia nini, wanangu?"

Mdogo akajibu, "Mama naye alikwenda kutafuta chakula, hakurudi."

Nguchiro akageuka, akawapa mkia. "Basi ng'ateni hapa, twende sote."

Wakaandamana hivyo masika yote, mkia ukanyonyoka manyoya, Pimbi akacheka hadi akashika mbavu. Asubuhi moja Nguchiro akahisi mkia mwepesi. Kugeuka, watoto wameketi mlangoni pa shimo.

"Nenda tu, Mama Mkubwa," wakasema. "Ila usikawie, tuna njaa."